Kijiji Kinachoaminiana Kinapimwaje?

Mwaka 1995 watafiti walipita vijijini Tanzania wakiuliza mambo ambayo kwa kawaida huulizwa kibarazani. Uko kwenye vikundi vingapi? Humo mmo ndugu watupu, au na watu baki? Wenye nacho na wasio nacho mnakaa pamoja? Uamuzi ni wa mwenyekiti au wa wote? Deepa Narayan na Lant Pritchett wa Benki ya Dunia waliyageuza majibu hayo kuwa kipimo cha mtaji wa kijamii wa kila kijiji, wakakilinganisha na kipato. Penye mtaji huo mkubwa zaidi, kaya zilikuwa na hali nzuri zaidi, na wakulima walikuwa wepesi kutumia mbolea na mbegu bora.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, na jambo moja katika matokeo hayo limenikaa moyoni: kilichokuwa na uzito ni ushirikiano wa kijiji kizima, kuliko wa kaya moja moja. Maana yake jirani asiye na kikundi chochote naye anafaidi.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanachama watatu wasio na udugu. Halifunguliwi mpaka kikao kitimie. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hisa zikagongwa muhuri kwenye vitabu. Utaratibu huu ulienezwa na shirika la CARE, lililouanzisha Niger mwaka 1991. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa.

Siku moja mama muuza vitumbua alikuja mikono mitupu. "Dada katibu, leo sina hata hisa moja. Niandike tu kwamba nimekuja." Nikamwandika. Safu ya mahudhurio ndiyo ninayoisoma kwanza katika daftari langu, kabla ya hisa. Mtu anayekuja hata akiwa hana kitu anawaamini wenzake kwamba hawatamdharau. Akianza kukosekana, tunamfuata nyumbani kabla ya kutaja faini.

Ndiyo maana sikubaliani na kupima kuaminiana kwa idadi ya vikundi vilivyosajiliwa. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema sana, lakini wapo wanaojikusanya haraka kuufuata mkopo, na fedha zikishagawanywa hawaitani tena. Kwenye takwimu kikundi hicho ni kimoja, na chetu ni kimoja.

Wanaotaka kukuza mtaji wa kijamii waanzie kwenye hesabu za wazi na uongozi wa kupokezana. Kisha watazame nani yuko nje ya mlango. Anayeishi kwa kibarua hawezi hisa ya bei kubwa, na vikundi vingi, hata vya kuzikana, humwacha yeye ambaye msiba ukimfika hana pa kushika. Sisi tulishusha bei ya hisa, na baadhi ya wanachama walinuna.

Sasa tunabishana kuhusu wapangaji. Wenzangu wanasema watahama na mkopo. Mimi nataka waingie, wadhaminiwe na wanachama wawili, waanze na mikopo midogo.