Mtoi Amebaki na Pengo? Cheki Hii Kabla Ukimbilie Kumwekea Jino Bandia

Ukiwa mdogo, jino likitoka ulikuwa unalirusha juu ya mabati, unaitisha jipya, alafu unarudi nje kucheza. Klasi nzima inakuita kibogoyo wiki mbili, stori inaisha. Wengi wetu tulilelewa hivyo na tuko tu fiti.

Noma inaanza jino likitoka kabla ya siku yake. Gego la mtoi wa miaka mitano limeoza mpaka likang'olewa. Mwingine wa miaka tisa ameanguka na nduthi, jino la mbele likaruka. Hapo wewe, kama ni mzazi, ama ni ule siz mkubwa anayetumwa hospitali na mtoto, unaanza kujiuliza: tunamwekea lingine? La aina gani? Na mbona kuna msee mtaani anasema anaweza kuliweka leo leo na likae milele?

Wacha tuanze na hiyo "milele", juu ndio inachoma wazazi wengi. Mdomo wa mtoi ni mjengo haujaisha. Taya inakua kila mwaka, meno mengine bado yako ndani ya fizi yakingoja zamu. Chochote unachomwekea saa hii ni cha muda, kama viatu vya shule. Huwezi kununulia mtoto wa darasa la nne kiatu ukitarajia akivae siku ya harusi yake.

Kwa hivyo swali la kwanza ukifika kwa daktari wa meno si bei. Ni hili: limetoka jino gani? Mtoto huwa na meno 20 ya utoto. Yanaanza kuanguka akiwa karibu miaka 6 na yanamalizika akiwa karibu 12. Lakini kuna mtego. Akiwa karibu 6, gego la kudumu linatokea nyuma kabisa bila jino lolote kuanguka. Hakuna pengo, hakuna damu, kwa hivyo wazazi wengi hudhani ni la utoto, likioza wanasema "wacha ling'oke, litamea lingine". Hilo halimei tena. Limeenda limeenda.

Sasa tuseme ni gego la utoto ndilo limetoka mapema. Hapa mimi ni mfano hai wa kenye hufanyika ukilenga. Nikiwa darasa la pili niling'olewa moja upande wa chini. Mathe akaambiwa litamea lingine, na ukweli lilimea. Lakini lilipofika lilipata kiti kimekaliwa. Gego la nyuma lilikuwa limesonga mbele polepole, kama makanga akikuambia "songa kidogo, songa kidogo", na lile jipya likatokea ndani karibu na ulimi. Mpaka leo nikila nyama choma, nusu inabaki hapo.

Kenye ningewekewa, na mtoi wako anaweza kuwekewa, wala si jino. Ni kishika nafasi: pete ya chuma kisichoshika kutu inavalishwa jino la jirani, na kutoka kwa hiyo pete kuna waya umekunjwa kama kitanzi unaovuka pengo na kugusa jino la upande ule mwingine. Inagandishwa na simiti ya meno. Hakuna kukata, hakuna uchungu wa maana. Kazi yake ni moja, kuzuia majirani wasihamie plot ya wenyewe. Kama amepoteza magego pande zote mbili za chini, daktari anaweza kutumia waya mmoja mrefu unaozunguka kwa ndani, nyuma ya meno ya mbele.

Muda ni muhimu hapa. Meno huanza kusonga haraka, na sehemu kubwa ya nafasi hupotea miezi sita ya kwanza. Na jino la kuchukua nafasi ya gego la utoto huja mtoto akiwa kati ya miaka 10 na 12. Hesabu mwenyewe: aking'olewa akiwa na 5, hiyo nafasi inangoja miaka mitano au zaidi. Kama lile jipya liko karibu kutokea, eksirei itaonyesha, na daktari anaweza kukuambia msiweke kitu. Akikuambia hivyo usidhani anakuhepa.

Meno ya mbele ya utoto nayo ni stori tofauti. Haya kwa kawaida hayana ile presha ya nafasi, hasa kama meno yake ya chonge yashatokea. Mtoi ataendelea kula, ataendelea kubonga, na ulimi wake utajifunza kuzoea. Kama yalitoka akiwa bado mchanga sana, wa miaka miwili hivi, sauti kama "s" na "f" zinaweza kumsumbua kidogo. Lakini mara nyingi jino bandia hapa ni mambo ya sura. Hiyo si kusema ni upuzi. Kuna watoi wanaacha kucheka, wanafunika mdomo kwa mkono wakipigwa picha, na mzazi anaona. Kuna kifaa chenye pete mbili kwenye magego ya nyuma na waya unaokuja mpaka mbele, ukiwa umebeba meno madogo ya plastiki. Kinasaidia, bora mtoto akubali kupiga mswaki vizuri na arudi kuangaliwa. Kama ni mtoi wa kupigania mswaki kila asubuhi, mimi ningengoja tu la kudumu, ambalo huja akiwa na miaka 7 au 8.

Hapa sasa tukaze mkanda: jino la mbele la kudumu limetoka lote, na mizizi yake. Kabla hujafikiria bandia, lile lenyewe linaweza kurudishwa, na ni wewe uliye hapo uwanjani utaamua, si daktari. Liokote ukishika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze sekunde chache tu na maziwa. Usilisugue. Lirudishe kwenye shimo lake likiangalia venye lilikuwa, mwambie aume kitambaa safi, mwende kwa daktari. Kama unaogopa kulirudisha, kimbia dukani ununue pakiti ya maziwa fresh, sio mala, utumbukize jino ndani. Maji ya mfereji yanaua seli zilizo kwenye mzizi, na tishu ya kufunga mfukoni inalikausha. Ukifika ndani ya nusu saa, chansi ni nzuri. Likikaa kavu saa nzima, hizo seli huwa zimekufa, ingawa daktari bado anaweza kulirudisha ili lishikilie mfupa kwa muda. Na hii ni ya meno ya kudumu pekee. La utoto usilirudishe kamwe, unaweza kuumiza lile linalokua juu yake.

Kama limepotea kwenye nyasi na halipatikani, ndio sasa mnaingia kwa bandia. Ya kwanza, na ndio watoto wengi huanza nayo, ni ya kuvaa na kuvua: kipande cha plastiki ya rangi ya fizi kinachokaa kwenye kaakaa, kikiwa na jino moja mbele na vishikio vya waya. Ni ya bei ya chini kuliko zile zingine na inatengenezwa haraka. Ubaya ni kwamba taya ikikua inaanza kubana au kulegea, kwa hivyo jipange kutengeneza nyingine baada ya muda. Usiku inavuliwa. Inasuguliwa na brashi na sabuni, si maji ya moto, yatapindisha plastiki. Akienda kucheza boli, aivue.

Akishafika utineja na meno ya jirani yametokea vizuri, kuna jino la kubandika. Linakuwa na bawa dogo la chuma au la kauri linalogundishwa nyuma ya jino la jirani. Kwa mbele huoni kitu. Siku hizi madaktari wengi hupendelea bawa moja badala ya mawili, juu kila jino hutikisika kivyake na mabawa mawili huvutana mpaka moja linabanduka bila mtu kujua, alafu kuoza kunaanza chini yake. Likibanduka lile la bawa moja, linadondoka tu mkononi na unalirudisha kwa daktari. Hii, kwa maoni yangu, ndio dili safi kwa tineja.

Usichanganye hilo na daraja la kawaida la watu wazima, lile la kuchonga meno mawili mazima ili yabebe la katikati. Meno ya watoto yana mshipa mpana ndani. Ukichonga unaukaribia, na unaweza kuua meno mawili mazuri ukijaribu kuziba pengo moja.

Alafu kuna ile ya "milele": skrubu ya titani inayoingizwa kwenye mfupa na jino kuwekwa juu. Kwa mtu mzima ni kitu kali. Kwa mtoto ni balaa ya polepole. Hiyo skrubu inashikana na mfupa na haisongi tena. Meno mengine yanaendelea kushuka pamoja na taya inayokua, lenyewe linabaki juu penye liliwekwa. Miaka michache baadaye msichana ana jino moja fupi mbele, na kulitoa ni upasuaji. Ndio maana madaktari hungoja mpaka taya ikome kukua, kawaida mwishoni mwa utineja kwa wasichana, na baadaye zaidi kwa wavulana, wengine mpaka miaka 20 na kitu. Hawakisii. Wanapiga eksirei, wanangoja miezi, wanapiga nyingine wanalinganisha. Mtu akikuambia anaweza kumwekea mtoi wa miaka 11, chukua begi lako uende.

Kuna njia mbili watu hawaambiwi. Moja ni kufunga pengo kabisa kwa bresi, kuvuta meno ya nyuma yaje mbele, kisha kurembesha moja lifanane na lililotoka. Nyingine inashangaza: kung'oa jino moja dogo la nyuma, lile linalofuata chonge, na kulipanda mbele penye pengo. Kwa sababu ni jino lake mwenyewe na mzizi bado unaendelea kujengwa, linaweza kushika na kukua pamoja naye. Ni kazi ya mtaalamu, na umri lazima uwe sawa.

Na wale waliozaliwa bila meno mengi? Wapo. Hao huanza kuvaa meno bandia hata wakiwa na miaka 3, na yanatengenezwa upya wanapokua.

Kuhusu pa kwenda: uliza daktari wa meno wa watoto. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya meno penye madaktari wanafunzwa chini ya walimu wao, na Kenyatta kuna idara ya meno. Ukipelekwa penye hupajui, ingia mtandaoni kwenye orodha ya baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, utafute jina lake. Halipo? Toka. Bei uliza kabla, na uulize pia itabidi kubadilishwa mara ngapi mpaka mtoto afike miaka 20, juu hiyo ndio bei ya ukweli.

Kitu cha mwisho, kama mmechagua ile ya kuvaa na kuvua. Shuleni wakati wa lanchi mtoi ataivua, aikunje kwa tishu, aiweke kando ya sahani, na tishu itaenda na takataka. Mnunulie kikopo chenye kifuniko. Andika jina lake.