Shamba la mahindi linalouza mchezo

Mkulima wa mahindi amezoea kuuza mara moja tu, baada ya mavuno, tena kwa bei ya mnunuzi. Huko Marekani wapo wanaouza mara mbili.

Mwaka 1993, mjini Annville, jimbo la Pennsylvania, Don Frantz na mbunifu Mwingereza Adrian Fisher walitengeneza fumbo la njia ndani ya shamba la mahindi, kwa umbo la dinosauria. Watu walilipa kiingilio ili wapotee, kisha watafute pa kutokea. Tangu hapo biashara hiyo imeenea.

Njia hukatwa mahindi yakiwa mafupi. Yakishampita mtu kimo, mchezo unaanza. Familia hufurahi pale kila mmoja anapokuwa na kazi: mtoto anatafuta alama, mama anasoma ramani, babu anakumbuka kona waliyopita. Fumbo likiwa jepesi mno, wanaona wamepoteza pesa. Likiwa gumu mno, watoto wanalia na hawarudi. Ndiyo maana huwekwa vidokezo njiani, na mtu wa kuwatoa waliokwama.

Mahindi yaliyokatwa ni hasara, na kiingilio lazima kiifidie. Piga hesabu hiyo kabla ya kushika panga.