Hamira na Karakana Yake

Asubuhi ya Julai hapa Lanet baridi si mchezo. Mpishi akishakanda unga wa mandazi huufunika na kuuweka karibu na meko, ati hamira isione baridi. Ana haki. Hamira ni kiumbe hai cha seli moja, na kijiko kimoja hubeba mabilioni yao.

Seli hiyo hutengeneza protini mchana kutwa. Protini mpya huwa kama waya tu. Si ndoana hadi ipindwe. Zile za kupelekwa nje ya seli hukunjiwa katika karakana iliyozungukwa na utando. Kazi ikizidi, zisizokunjwa hurundikana humo, na hapo ndipo kuna taabu.

Lakini bawabu yupo. Anaitwa Ire1, naye amesimama ukutani, kichwa ndani ya karakana, mkono nje. Akigusa protini zisizokunjwa hushikana na mabawabu wenzake, kisha huukata ujumbe uitwao Hac1. Ndiyo, huukata! Ujumbe huo una kipande cha herufi 252 kinachouzuia kusomwa. Kikitolewa, ncha zinaungwa, ujumbe unasomwa, na amri inafika kwenye kiini: ongeza wakunjaji, ondoa mabovu, panua utando. Yaani darasa likijaa, hawa hawaongezi madawati peke yake, wanajenga na darasa lingine.

Linalonifurahisha mimi ni jinsi bawabu huyu alivyopatikana. Mwaka 1992 Wajapani Nikawa na Yamashita waliona kwamba hamira isiyo na Ire1 haikui pasipo inositoli, malighafi ya mafuta ya utando. Mwaka 1993 makundi ya Peter Walter na Kazutoshi Mori, kila moja kivyake, yakamkuta Ire1 huyo huyo kwenye shughuli ya protini. Nyumba moja, milango miwili! Breki nayo ipo: inositoli ikiwa tele, Opi1 huingia katika kiini na kuzima utengenezaji wa mafuta hayo.

Je, yatuhusu nini? Ire1 tunaye hata sisi. Seli za kongosho zinazotoa insulini zinamtegemea sana, na karakana ikilemewa kupita kiasi, seli hufa. Tena tangu miaka ya 1980 viwanda vingine huifanya hamira itengeneze insulini. Kwa hivyo kichupa anachotumia mgonjwa wa kisukari pale mjini Nakuru huenda kilianzia ndani ya jamaa yake hamira wa mandazi yetu.