Umenaswa na kubeti? Si kila mshauri ataweza kukutoa

MLEVI utamjua kwa harufu na mwendo. Je, mtu aliyezama kwenye kamari? Yuko kando yako ndani ya matatu, ameinamia simu, nawe unadhani anachati tu. Kumbe karo ya muhula inapaa na kale kandege ka Aviator, na hajui atamwambia nini mamake.

Sasa chukulia ni wewe. Umepiga moyo konde ukaenda kwa mshauri nasaha. Swali la kwanza: unakunywa chupa ngapi kwa siku? Ukimwambia shida yako ni kubeti, anakushauri ufute programu kwenye simu na utafute shughuli ya kufanya. Unatoka pale na aibu ile ile uliyoingia nayo. Jumamosi mechi zikianza, unaweka mkeka mwingine.

Mshauri huyo huenda ni hodari kwa walevi. Vita dhidi ya uraibu nchini vimekuwa zaidi vya pombe na dawa za kulevya. Lakini kamari nayo ni ugonjwa. Mnamo 2013 chama cha madaktari wa akili Marekani kiliitoa katika kundi la matatizo kama wizi usiozuilika, kikaiweka pamoja na uraibu wa pombe na mihadarati. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, pia inautambua.

Ni ugonjwa wa jamii moja na ulevi, ila una mambo yake.

Mosi, mlevi anaweza kushauriwa akae mbali na baa. Wewe baa yako iko mfukoni, na pochi iko humo humo: M-Pesa, Fuliza na mikopo ya simu. Nani ataishi Nairobi bila simu?

Pili, hakuna mlevi anayeamini chupa ya kumi italipia zile tisa. Mcheza kamari huamini hivyo kabisa. Mkeka ukichanika kwa timu moja, anaona alikaribia kushinda, kumbe amepoteza sawa na aliyekosa zote. Anaongeza dau ili arudishe pesa, na shimo linazidi kwenda chini.

Tatu ni madeni. Siku yanapofichuka, wengine huanza kufikiria kujitoa uhai. Mshauri asiyejua kuuliza jambo hilo mapema anaweza kumpoteza mtu.

Ndiyo maana kuna mafunzo maalum kwa washauri ambao tayari wamehitimu. Marekani, kwa mfano, mshauri anayetaka cheti cha kimataifa cha kutibu uraibu wa kamari husomea kamari pekee kwa saa kadhaa, huhudumia wacheza kamari chini ya uangalizi wa mtaalamu, kisha hufanya mtihani.

Mshauri kama huyo hana haja ya kukisia. Ana maswali mawili ya kuanzia: umewahi kuhisi lazima uongeze pesa unazobeti? Umewahi kudanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la 'ndiyo', hata kwa moja tu, linamfanya achimbe zaidi. Kisha mnaandika madeni yote, mnafunga akaunti za kubeti, na mnateua mtu unayemwamini akushikie pesa kwa muda. Mnatafuta pia saa zako za hatari, kama vile mwisho wa mwezi, wikendi ya mechi au usiku ukiwa peke yako.

Hapa kwetu, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inamtaka mshauri asajiliwe na bodi. Huo ni mlango wa kuingilia tu. Mwaka 2025 tulipata sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua nafasi ya ile ya 1966, wakati simu ya mkononi haikuwepo. Kudhibiti kampuni ni sawa, lakini aliyekwisha kunaswa anahitaji mtu wa kumtibu. Vyuo vinavyofunza ushauri nasaha vina kazi hapo. Na mshauri wa chuo akipata mafunzo haya, anaweza kuwahi comrade kabla hajabeti pesa za HELB.

Kwa hivyo ukienda kwa mshauri, usione haya kumuuliza: Umesajiliwa? Umesomea kamari au pombe tu? Umeshawahi kumhudumia mtu wa kubeti? Tutafanya nini kuhusu madeni yangu? Mtaalamu wa kweli hakasiriki, na kama hajui atakuelekeza kwa anayejua.

Nawe unayesomea saikolojia au ushauri nasaha na unawaza kazi itatoka wapi, hebu tazama mtaani kwenu. Wagonjwa wapo tayari. Wa kuwatibu ndio hawatoshi.

Na ikiwa hali ni mbaya leo, usingoje mtaalamu wa cheti. NACADA wana laini ya bure, 1192, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya wana 1199. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au mwende pamoja hospitali iliyo karibu. Deni hupangiwa malipo, hata likiwa kubwa namna gani.