Kinga ya mwili nayo yahitaji uzito

Kati ya wanaanga 29 wa safari za Apollo, 15 walipata maambukizi ya bakteria au virusi wakiwa safarini au ndani ya wiki moja baada ya kurejea. Takwimu hiyo inatia shaka, lakini peke yake haithibitishi lolote. Mtu aliyebanwa ndani ya chombo kidogo, amekosa usingizi na ana wasiwasi, huweza kuugua hata akiwa kwake. Ili kujua kama kukosa uzito kunadhoofisha kinga, ilibidi seli zichunguzwe mbali na mwenye nazo.

Augusto Cogoli wa Zurich, Uswisi, alifanya hivyo mwaka 1983. Alipeleka limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, kwenye maabara ya Spacelab iliyobebwa na chombo cha Columbia. Zikiwa kwenye joto la nyuzi 37, zilitiwa protini itokanayo na jamii ya maharage, ambayo duniani huziamsha zikagawanyika kana kwamba adui ameingia. Huko angani mwamko huo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Je, haikuwa mionzi, au mtikisiko wa kuruka? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1985, pale baadhi ya seli zilipowekwa kwenye mashine ya kuzungusha iliyozirudishia uzito humohumo angani. Chombo kilikuwa kimoja na mionzi ileile, lakini zilizozungushwa ziliamka, na zilizoachwa bila uzito zikalala.

Wapo wanaosema seli ndani ya kichupa si mwili. Ni kweli, na homoni za msongo nazo huchangia. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa wanaanga 14 kati ya 23 wa Kituo cha Kimataifa cha Anga walitoa virusi vya jamii ya herpesi kwenye mate au mkojo, wengi bila dalili. Kinga iliyo imara huvifungia virusi hivyo. Kichupa na mwili, basi, vinaelekea upande mmoja.

Pingamizi la gharama ya kufanya tafiti hizi angani lina uzito zaidi, kwa kuwa wanaanga ni wachache na wagonjwa duniani ni wengi. Lakini seli T za wazee, ambazo ni aina ya limfosaiti, nazo huchelewa kuamka. Millie Hughes-Fulford, mwanasayansi wa Marekani aliyeruka angani mwaka 1991, baadaye alionyesha kwamba bila uzito jeni za mwanzo za kuiamsha seli T haziwaki ipasavyo. Kwa mzee, kasoro hiyo huchanganyika na maradhi na dawa za miaka mingi. Angani huonekana kwenye seli zenye afya, ndani ya muda mfupi, na kilichobadilika ni kimoja tu. Nafasi ya kuutazama udhaifu huo ukiwa peke yake haipatikani wodini, na ndiyo inayohalalisha gharama.