Mwana wa Mlimani Aendapo Majini

Bakonzo, ambao makazi yao tangu kale ni miteremko ya Rwenzori, milima yenye theluji kileleni ilhali ikweta yapita karibu yake, hawakupata kuhesabiwa miongoni mwa kaumu za mabaharia. Na wazee wa Nyakiyumbu, wilayani Kasese, waliposimama juu ya vilima vyao wakayaona maji ya Ziwa Edward yakimeremeta ng'ambo ya mbuga, waliyatazama kama mtu atazamavyo shamba la jirani. Ziwa lilikuwa la wavuvi wa Katwe na Kayanzi. Wao walikuwa na kahawa yao, muhogo wao na maharagwe yao. Lakini zamani zimegeuka, na leo si ajabu kusikia ya kuwa Baluku wa nyumba fulani ameandikwa jeshini, akamaliza kwata, kisha akatiwa katika kikosi cha majini.

Uganda haina bahari, na wako wanaocheka wakisikia habari za wanamaji wake. Wasicheke upesi. Katika miaka ya 1950 nchi hii ilishirikiana na Kenya, Tanganyika na Unguja katika jeshi moja la majini la Afrika Mashariki, lenye makao yake Mombasa, ambalo lilivunjwa mwaka 1962. Na katika zama zetu wanamaji wa Uganda hawakuishia katika doria za Ziwa Victoria na maziwa ya magharibi, bali wamefika hata Mogadishu, wakalinda maji ya bandari, vijana ambao huenda wengi wao hawakupata kuonja maji ya chumvi kabla ya siku ile.

Safari ya kijana huanza kwa karatasi: vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Hiyo ya mwisho yaonekana nyepesi kuliko zote, nami naiona ndiyo nzito, kwani mwenyekiti si karani wa mbali. Ni jirani amjuaye kijana tangu akichunga mbuzi, na atiapo muhuri wake huwa ameutia ukingo mzima katika dhamana. Nasema ukingo kwa sababu Bakonzo wa mlimani huhesabiana kwa kingo za milima, na kila ukingo una mkuu wake, ambaye neno lake katika magomvi ya mipaka na mirathi bado lina uzito hata mahali ambapo serikali ina ofisi.

Akishapokelewa, nyumba humwandalia chakula cha kuagana: bundu la muhogo, sombe, samaki wa ziwani, na mbuzi kwa mwenye uwezo. Hapo wazee huketi naye kwenye ekyaghanda, mahali pa moto na mashauri, wakampa wosia. Humkumbusha ukoo wake na miko yake. Humwambia asiibe, asilewe, asidharau mkubwa, wala asisahau kwamba jina lake si lake peke yake. Jambo hili la jina lina kichekesho chake, kwani Bakonzo huwaita watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, Mumbere kwa mwana wa kiume wa kwanza, Baluku wa pili, Bwambale wa tatu, hata afande aitaye "Bwambale!" katika gwaride lenye vijana wa Kasese asishangae wakiitika zaidi ya mmoja. Kisha huombewa dua kwa dini ya nyumba yao. Na Wasabato, ambao ni wengi vilimani humu, huwa na shaka yao ya pekee, maana jeshi halina Jumamosi.

Baada ya hapo huja kimya. Makuruta hupelekwa Kaweweta, wilaya ya Nakaseke, mbali sana na vilima vya kwao, nao hawaruhusiwi simu. Mama hukaa miezi asijue kama mwanawe yu mzima. Wazee waliopata kuona olhusumba, tohara ya zamani ambamo vijana walitengwa na mama zao mpaka wapone, huivumilia hali hii kwa urahisi kuliko vijana waliobaki nyumbani, kwa kuwa waijua maana ya kumtoa mtoto kwa watu wengine ili arudishwe mtu mzima. Faraja yao nyingine ni lugha. Jeshi la Uganda huamrishwa kwa Kiswahili, na kijana aliyekulia karibu na soko la Mpondwe, mpakani, ambako biashara na Wakongo haikatiki, hufika kambini akiwa nacho tayari, japo chenye lahaja ya Beni na Butembo. Wenziwe watokao kwingine hukianza pamoja na hatua za gwaride.

Kazi ya kwanza ndiyo iliyo na mtihani. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kutumwa maziwani kuzuia uvuvi haramu, na wavuvi wamelalamika mara nyingi juu ya kupigwa na kuchomewa mitumbwi. Basi mwana wa Kasese akipangwa huko aweza kumkuta mjomba wake katika mtumbwi ulioshikwa. Ziwa Edward lenyewe ni mpaka, na Julai 2018 wanamaji wa Uganda na wa Kongo walipigana humo, watu wakafa. Ng'ambo ya Mto Lhubiriha wako Banande, walio ndugu za Bakonzo kwa damu na lugha. Na tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda limo nchini Kongo likiwafukuza waasi wa ADF, wale wale waliowaua watu 42, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Juni 2023. Wala haifai kuficha kwamba ziko nyumba zisizopenda kuiona sare mlangoni, kwa yaliyotokea Novemba 2016 katika jumba la Omusinga, mfalme wa Bakonzo, mjini Kasese, ambalo jeshi lililivamia, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Kijana huyabeba haya yote, na aghalabu hana wa kumweleza.

Na ndugu zake humfanyia nini wakati huo? Humpigia simu kuomba fedha. Mshahara wa kwanza haujaingia, na tayari kuna karo ya mdogo wake, mabati ya baba, mchango wa arusi ya binamu; naye, kwa haya, hukopa. Mimi siilaumu desturi ya kusaidiana, ambayo bila hiyo asingalisoma wala kufika Kaweweta. Nalaumu kuidai kabla ya wakati. Basi wazee wa Nyakiyumbu, katika wosia wa jioni ile, na wawageukie pia waliobaki, wawaambie: mwaka wake wa kwanza msimwombe kitu, mpigieni simu mumuulize tu amelalaje.