Jiko moja halipiki chakula cha kila nyumba: mabadiliko ya mazingira Rusizi, na nani anayaamua

Rusizi, ambayo wengi bado tunaiita Cyangugu, ni wilaya ya kuvukia. Mto unaotoka Ziwa Kivu unaitenga Kamembe na Bukavu, na watu wameuvuka kwenda pande zote mbili, kutegemea ni upande gani ulikuwa unawaka. Mwaka 1994 Wanyarwanda wengi walivuka kuelekea Bukavu. Juni 2004 Wakongomani walikimbilia huku. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, wengine walivuka tena. Wanaobaki kama wakimbizi hupokelewa kwanza katika kituo cha muda, mfano Nyarushishi, kisha wengi hupelekwa kwenye kambi kubwa kama Mahama.

Kila anayevuka huja na namna yake ya kupika, kulima, kuvua na kutibu homa ya mtoto. Anakuta wenyeji wenye namna yao, na serikali yenye mipango: miti mingi zaidi, makaa machache zaidi, plastiki basi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na mwaka 2019 sheria ikaongeza vifaa vya plastiki vya kutumia mara moja na kutupa. Wageni wengi huijua sheria hiyo wakiwa bado mpakani, mfuko wao unapochukuliwa na vitu vyao kumwagwa mezani.

Mikutanoni jambo hili huitwa "mpito wa kijani", na kwa kawaida hakuna anayelieleza. Maana yake ni kuacha polepole maisha yanayomaliza misitu, udongo na maji, na kuingia katika maisha ambayo mazingira yanaweza kuyabeba. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi ni kwamba watu wengi huuona mpito kama barabara moja ambayo kila mtu lazima aipite, kwa jiko moja, zao moja na mbegu moja. Wapo wanaofikiri vinginevyo, kama mwanaanthropolojia Arturo Escobar wa Colombia, na jamii za wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini. Ecuador hata iliandika haki za mazingira katika katiba yake ya mwaka 2008. Hoja yao ni kwamba zipo njia nyingi za kuishi vizuri na ardhi, na mpito unaofuta njia za watu ili kuokoa miti huleta hasara ya aina nyingine. Kwa mwandishi wa makala hii, mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo ni jikoni.

Kuni, makaa na maharage

Jiji la Bukavu hupika kwa makaa, au makala kama wanavyosema wenyewe. Vijiji vingi vya Rusizi hupika kwa kuni. Bwawa la umeme la Rusizi I lilijengwa miaka ya 1950, na Rusizi II, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Congo, limefanya kazi tangu 1989. Kwa hiyo kuna mama anayeona nyaya za umeme zikipita juu ya shamba lake huku akipuliza kuni zilizoloa. Serikali ilikuwa imejiwekea lengo la kushusha idadi ya familia zinazopika kwa kuni hadi asilimia 42 kufikia 2024, kutoka zaidi ya asilimia 80. Ukitembea vijijini asubuhi, moshi utakuambia wenyewe safari imefika wapi.

Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Na kuni huleta ugomvi. Katika maeneo mengi yenye kambi, mwenyeji mwenye shamba la mikaratusi na mkimbizi asiye na kitu cha kuwashia moto hugombana kwanza kwa ajili ya tawi. Anayetumwa kutafuta kuni ni mwanamke au mtoto, na ndiye anayekamatwa au kupigwa. Kambi za Goma za miaka ya 1994 hadi 1996 zilikata na kuharibu makumi ya kilomita za mraba za msitu wa Virunga. Hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka huohuo wa 1994. Wakimbizi walilaumiwa sana. Ni wachache waliouliza mtu aliyepewa mahindi makavu na maharage, bila chochote cha kuyapikia, alitegemewa afanye nini.

Majibu yaliyojaribiwa Rwanda yanafundisha. Katika kambi ya Kigeme, wilayani Nyamagabe, kampuni binafsi ilileta majiko yenye feni yanayotumia mbao iliyosagwa na kushindiliwa kuwa vipande vidogo. Moshi ulipungua kweli. Mwaka 2020 kampuni ikafungwa, na jiko lisilo na kitu cha kulisha tumbo lake likabaki chuma. Mahama walianza kupewa gesi badala ya kuni. Gesi ni safi na ya haraka, lakini ina bei, na bei haiulizi kama msaada umepunguzwa. Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza msaada wa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60. Familia yenye pesa pungufu huamua kati ya kujaza mtungi na kununua chakula cha kuweka juu ya mtungi, na chakula hushinda.

Tena kuna jambo ambalo wataalamu hulikosa kwa sababu hawapiki. Maharage makavu huchukua saa mbili au tatu. Bugari ya muhogo inataka mikono miwili na nguvu, na jiko lililokaa chini bila kutikisika; jiko jepesi la gesi juu ya meza hupinduka. Sombe huchemka muda mrefu. Familia ya watu tisa haipiki katika sufuria iliyopimwa kwa watu wanne. Kwa hiyo watu huchanganya: chai na uji kwa gesi, maharage kwa imbabura, bugari kwa mafiga. Anayekuja kukagua mradi huandika kwamba "walengwa hawakubadilika". Mimi ningeandika kwamba walichagua kifaa kwa kazi, kama fundi yeyote anavyofanya.

Palipobadilika kwa kudumu, mara nyingi kitu kipya kilisimama juu ya kitu cha zamani. Jiko la udongo linaloitwa canarumwe linatengenezwa kwa ufinyanzi, kazi ambayo nchini Rwanda kwa vizazi ilikuwa mikononi mwa Watwa hasa. Njia nyingine haihitaji mradi wowote. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji hayo. Asubuhi yachemshe kwa nguvu, si chini ya dakika 30. Kisha funika sufuria vizuri, iweke ndani ya kikapu kilichojaa majani makavu ya migomba au blanketi kuukuu, na uifunike juu pia. Baada ya saa tatu au nne yatakuwa yameiva au yamekaribia sana kuiva. Yachemshe tena kidogo kabla ya kula. Kuni unazotumia ni sehemu ndogo ya zile za kawaida. (Na imbabura yenye makaa isilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila harufu.)

Zao moja, msitu mmoja

Shambani hadithi inafanana. Kuanzia 2007 Rwanda iliwahimiza wakulima kuunganisha matumizi ya mashamba na kupanda mazao machache yaliyochaguliwa kwa kila eneo. Bondeni Bugarama hilo ni mpunga. Mavuno ya mazao kama mahindi na ngano yalipanda nchini, na njaa si kitu cha kuchezea, kwa hiyo sitaungana na wanaoubeza mpango huo wote. Lakini bibi aliyechanganya maharage, viazi vitamu, mtama na maboga katika kipande kimoja alikuwa na bima yake: mvua ikikosa kimoja, kingine kilibaki. Shamba la zao moja hufurahisha likifaulu na hutisha likishindwa. Mkulima anayetoka Kabare au Walungu, ng'ambo ya mto, ana ujuzi huohuo wa kuchanganya chini ya migomba, na akifika kambini hufundishwa bustani kana kwamba hajawahi kushika jembe.

Tofauti ilionekana Mugombwa, wilayani Gisagara. Huko, katika bonde la Misizi, wakimbizi na wenyeji zaidi ya elfu moja walipewa ardhi ya kulima kwa pamoja. Ardhi ndiyo iliyofanya maongezi ya ujirani mwema yawe na maana.

Msitu wa Nyungwe, ambao kipande chake cha Cyamudongo chenye sokwe kimo ndani ya Rusizi, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia Septemba 2023. Ni jambo la kujivunia. Ni haki pia kukumbuka kwamba ulinzi ulipokaza, waliokuwa wakiishi kwa msitu, Watwa kwanza, walipoteza mahali pa kuwinda, kukusanya dawa na kulina asali. Mioto mikubwa ya mwaka 1997 iliunguza sehemu kubwa ya Nyungwe, na walina asali walitajwa miongoni mwa waliosababisha, kwa sababu ya moshi wa kufukuza nyuki. Baadaye ushirika wa wafuga nyuki uliwekwa pembezoni, mizinga nje ya msitu. Asali inaendelea kuvunwa, na mfugaji amekuwa jicho la kwanza kuona moto. Ilipatikana suluhu iliyomhesabu mtu pamoja na mti.

Samaki mgeni

Waulize wavuvi wa kisiwa cha Nkombo, wanaozungumza Amahavu kama ndugu zao wa Idjwi upande wa Congo. Huvua usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa, taa na nyimbo za kupigia makasia. Wanachovua zaidi ni sambaza, na sambaza si mwenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Leo hakuna anayewauliza karatasi.

Kila mwaka uvuvi upande wa Rwanda hufungwa kwa muda wa miezi miwili hivi, kwa kawaida kuanzia Agosti, ili samaki wazaliane. Ni kanuni nzuri inayoumiza. Haina maana kama upande mmoja unafunga na mwingine unatupa nyavu, maana samaki hajui mpaka. Wavuvi wa pande zote mbili wanaelewana lugha tayari. Ingefaa wakutane mara nyingi kama wanavyokutana maofisa wao.

Ukiitwa mkutanoni

Iwe ni mkutano wa kamati ya kambi, wa umudugudu, au maongezi yanayofuata umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuna mambo ya kuuliza kabla ya kukubali jiko, mbegu au mche. Mradi ukiisha, nani atajaza mtungi, na kwa bei gani? Je, wapishi wamepika maharage na bugari juu ya jiko hili, kwa sufuria zao, kabla halijanunuliwa kwa maelfu? Mche huu ni wa nini: mikaratusi ya nguzo, gerivariya ya kuni, au umuvumu ambao wazee walitumia kwa uzio na kivuli, na ambao huota kwa kuchomeka tawi tu? Mwenyeji aliye jirani na kambi anapata nini? Akikosa, ugomvi wa tawi utarudi.

Na kama maongezi yanaendeshwa kwa Kinyarwanda pekee nawe hukisikii, inua mkono uombe yatafsiriwe. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Sokoni Kamembe na misikitini Bugarama kilikuwapo zamani kabla ya hapo, kwa hiyo mkalimani hatakuwa mbali: mara nyingi ni mtu aliyekaa kiti cha pili kutoka kwako.